Miaka 11 ya mirathi na viwanja, sasa nataka miliki ubunifu

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya kwa muda mrefu. Naomba jina langu lisitokee, kwa sababu mzee ninayefanya naye kazi anaisoma safu hii, au walau mke wake anaisoma na kumsimulia.

Mimi ni wakili, nina miaka 37. Kwa miaka 11 nimeshika kazi za aina mbili tu: migogoro ya ardhi na mirathi. Nilianza nikiwa mwanafunzi wa vitendo katika ofisi hiihii, nikimbebea Mzee mafaili (nitamwita hivyo hivyo, Mzee), na leo wapo mahakimu wanaonitambua kwa sauti kabla hawajainua macho. Sijisifu. Nikishika hati ya kiwanja naweza kukuonyesha palipo na walakini kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza: jina lililofutwa na kuandikwa upya, msimamizi wa mirathi aliyetia saini kabla hajateuliwa, muuzaji ambaye siku ya mauziano alikuwa kaburini. Marehemu wanauza sana viwanja, Shangazi.

Mwaka jana alikuja dada mmoja, ndugu wa mteja wangu wa zamani. Ana kampuni ndogo yenye programu ya simu ya kupanga foleni za wagonjwa kwenye zahanati. Alikuwa amepata mwekezaji, na mawakili wa mwekezaji wakamtumia orodha ya maswali. Swali la 4 liliuliza: msimbo wa programu ni mali ya nani? Onyesha maandishi. Yule dada akaniambia, "Ni wangu. Nimelipa chote, risiti ninazo." Akatoa mkataba wa kurasa 2 aliousaini na kijana aliyemtengenezea. Nikausoma kama ninavyosoma mkataba wa kiwanja: bei ipo, tarehe ipo, saini zipo, mashahidi wapo. Nikamwambia, "Uko salama."

Nilipofika nyumbani kuna kitu kikawa kinanikereketa. Neno "kuhamisha" halikuwemo popote. Nilikaa mpaka saa 8 usiku nikisoma sheria ya hakimiliki, ambayo sikuwahi kuifungua tangu nitoke chuoni. Kumbe kijana hakuwa mwajiriwa wake, alikuwa amepewa kazi kwa mkataba tu, na kumlipa mtu kwa kazi si kununua haki ya ile kazi. Asubuhi nikampigia dada nikamwambia nimekosea, tafuta mwanasheria wa fani hiyo. Niliona aibu sana. Lakini usiku ule sikusinzia hata kidogo, wakati faili la mirathi siku hizi linanipeleka kitandani saa 3.

Tangu hapo sijatulia. Nasoma kuhusu hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), alama za biashara, leseni za programu, ulinzi wa taarifa binafsi, akili mnemba, yote kwa pamoja. Nikaomba kazi kwenye ofisi ndogo ya mawakili watatu inayoshughulika na miliki ubunifu, yaani haki za kazi za akili kama uvumbuzi, nyimbo na programu, na mikataba ya teknolojia. Wamekubali kunichukua, ila kwa ngazi ya wakili anayeanza, chini ya wakili wa miaka 29, na mshahara pungufu kwa theluthi moja. Wanataka jibu kabla ya mwaka kwisha.

Wakati huohuo Mzee amenitamkia kwamba Januari atanifanya mbia, na jina langu litapanda kwenye kibao cha ofisi. Aliyasema kwa sauti ya mzazi, nikashindwa hata kumtazama. Sijamwambia lolote.

Mume wangu anasema, "Ukianza upya saa hizi utakuwa bibi wa darasa." Tuna watoto wawili na mkopo wa nyumba. Mimi mwenyewe naogopa mengi. Shuleni niliikimbia fizikia kama moto, sasa nitakaaje meza moja na wahandisi? Miaka 11 yote naitupa? Na rafiki yangu mmoja ananiambia kwamba mikataba yenyewe itakuwa inaandikwa na mashine, kwa hiyo nitaacha mbachao kwa msala upitao.

Mengine hayahusiani sana, lakini niyaseme. Mwezi wa 5 nilishinda kesi ya ndugu watatu waliogombania nyumba ya baba yao. Nilikuwa upande wa mkubwa. Tulipotoka, mdogo wao, aliyeshindwa, akanifuata kwenye korido, akanipa mkono na kusema, "Asante wakili, umefanya kazi yako." Basi. Sijui kwa nini naliandika hili.

Nihame au nibaki?

Ni mimi, Wakili wa Marehemu Wauza Viwanja

*

Marahaba, mwanangu.

Swali lako lina maneno matatu, "nihame au nibaki", na nakuambia mapema kwamba hilo sitalijibu. Nina sababu, na si woga. Ofisi unayoitiwa siijui, Mzee simjui, na mkopo wenu sijauona. Ila barua nimeisoma mara tatu, na kuna mambo umeyaandika kana kwamba yameshathibitishwa mahakamani, kumbe bado hata ushahidi haujasikilizwa. Tuanze na hayo.

Unasema miaka 11 utaitupa. Hebu turudi kwenye ule mkataba wa kurasa 2. Ulikosea, ni kweli, na uzuri ni kwamba ulipiga simu asubuhi yake badala ya kunyamaza. Lakini tazama ni nini kilichokuamsha. Hukusoma mstari hata mmoja wa msimbo. Kilichokukereketa ni kwamba haki haikuonekana ikitoka kwa fulani kwenda kwa fulani. Hiyo ni pua ya mtu aliyeshinda miaka akifuatilia hati: nani alikuwa nayo kwanza, ilipitaje mkononi, saini iko wapi. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, hakimiliki haingoji kusajiliwa. Inazaliwa pale pale kazi inapotengenezwa. Na katika nchi nyingi, ingawa si zote, kazi ya mwajiriwa huwa ya mwajiri, ila kazi ya mtu wa nje hubaki kuwa yake mpaka aihamishe kwa maandishi. Aliyelipa anaweza kujikuta ana ruhusa ya kutumia tu, kama mpangaji aliyedhani amenunua nyumba. Wanasheria wengi waliosomea teknolojia tangu mwanzo wanajifunza hilo kwa kukariri. Wewe ulilinusa.

Na kuna jambo ambalo nimeshangaa hukuliona, wewe wa mirathi. Mkataba huohuo wa Berne unaweka kiwango cha chini cha ulinzi kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nchi nyingi zimefika 70. Sasa niambie, katika hiyo miaka 50, mirabaha ya mwanamuziki inagawanywaje kwa wake zake na watoto? Nani anatoa leseni wimbo ukitakiwa kwenye tangazo, msimamizi wa mirathi peke yake au warithi wote? Ikiwa marehemu alikuwa na mwenzake waliyeandika naye, je? Wanasheria wa hakimiliki wanaogopa mirathi, na wa mirathi wanaiorodhesha nyumba na gari, wanazisahau nyimbo. Sisemi hapo ndipo pa kwenda. Nasema umeniandikia kana kwamba kati ya ulipo na unapopatazama kuna bahari, na mimi naona mahali maji yanafika magotini.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mazoea ya ardhi yatakusaidia, na mahali pengine yatakuponza, kama yalivyokuponza siku ile. Kiwanja hakihami na hakikai mikononi mwa watu elfu kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua kimewekwa rehani, unakwenda masjala. Kwa hakimiliki, mara nyingi hakuna masjala ya kukuhakikishia chochote. Una karatasi za watu na maneno yao. Hataza nayo inakaa nchi kwa nchi. Watu wanauliza kila siku "hataza ya dunia nzima" inapatikana wapi, na haipo. Kilichopo ni Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970, unaokuruhusu kupeleka ombi moja na kupata muda, kwa kawaida miezi 30 tangu tarehe ya ombi la kwanza, kisha unalipia na kubishana katika kila nchi unayoitaka.

Tena programu moja haina mwenyewe mmoja. Yule kijana wa foleni za zahanati, nina hakika, alichukua vipande vilivyoandikwa na wengine, kwa sababu hakuna anayeandika kila kitu kutoka sifuri. Vipande hivyo huja na leseni zake. Kipande chenye leseni iitwayo MIT kinataka kidogo tu, uache tangazo la hakimiliki mahali pake. Chenye leseni ya GPL kina sharti zito zaidi: ukiisambaza programu uliyoichanganya nacho, unatakiwa kuutoa na msimbo wako kwa masharti yaleyale. Sitashangaa kama swali la 5 la mawakili wa mwekezaji lilikuwa hilo. Kwenye ardhi, hebu fikiria umenunua nyumba, ukakuta matofali ya ukuta wa mashariki yana masharti.

Sasa fizikia. Hapa ukweli una pande mbili. Miliki ubunifu ni nyumba yenye vyumba vingi, na kimojawapo kina kufuli. Kazi ya kuandika maombi ya hataza na kuyatetea mbele ya wakaguzi, katika sehemu nyingi, inadai elimu ya sayansi au ufundi pamoja na mtihani wake. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inadai hivyo, ya Marekani nayo hivyo. Ikiwa ndoto yako ni hicho chumba, uijue mapema. Ila hukusema ni hicho. Umetaja hataza, alama, leseni, taarifa binafsi na akili mnemba kwa pumzi moja, kama mtu aliyeingia dukani akasema "nipe vyote". Alama za biashara hazikuulizi fizikia. Leseni hazikuulizi, wala mikataba ya huduma, wala ulinzi wa taarifa. Zinakuuliza kama unaweza kumkalisha mhandisi na kumwambia, "Sijaelewa, nieleze tena, taarifa za mgonjwa zinatoka kwenye simu zinakwenda wapi?", na asipokujibu kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, umuulize mara ya tatu bila kuona haya. Wewe umewahoji mashahidi wa mipaka ya viwanja. Hiyo kazi unaijua.

Kinachonitia shaka zaidi si fizikia. Ni kwamba umeipenda kazi hii usiku mmoja, saa 8, ukiwa peke yako na kitabu. Usiku wa kwanza wa kila fani ni mtamu. Mimi mwenyewe, kabla sijaanza kusikiliza matatizo ya watu, nilifanya uwakili wa jinai kisha nikapelekwa kwenye alama za biashara kwa sababu mwenzetu alikuwa likizo ya uzazi. Nilidhani nakwenda kupambana na waigaji. Wiki ya kwanza nilishinda siku mbili nikiulizana na masjala kama bidhaa ya mteja iingie kundi la 9 au la 42. Mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa na huduma za alama za biashara, uitwao Nice, una makundi 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Programu ya kupakua iko la 9, ileile ukiitoa kama huduma mtandaoni inahamia la 42. Siku mbili! Na baada ya hapo nikapewa orodha ya majina 200 yanayofanana na la mteja, niyapitie moja baada ya moja, nione lipi linaweza kutuletea pingamizi.

Mikataba ya teknolojia nayo ina uchovu wake. Utabishana wiki nzima juu ya tarakimu moja. Mtoa huduma anaahidi mfumo utapatikana kwa asilimia 99.9 ya muda. Inasikika kama ahadi ya malaika, mpaka upige hesabu: anajiachia saa 8 na robo tatu hivi za kulala kwa mwaka, na kwa zahanati, je, saa hizo zikija zote Jumatatu moja asubuhi? Kisha mnahamia kwenye kikomo cha fidia, kisha nani anabeba lawama taarifa za wagonjwa zikivuja, kisha ndani ya saa ngapi mtoe taarifa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa, inayotumika tangu Mei 2018, inatoa saa 72 za kuijulisha mamlaka, na sheria nyingi za nchi nyingine zimechukua sura yake. Wapo watu wanaoyapenda haya, damu inawachemka. Wapo wanaoyaona kama kuhesabu mchele. Wewe ni yupi? Sijui, na nadhani nawe hujui bado.

Kuna na tarehe. Wewe umezoea korti, ambako ukichelewa unaomba nyongeza ya muda, unaapa kiapo, unapiga magoti kidogo, mara nyingine unasikilizwa. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unampa mwenye uvumbuzi miezi 12 tangu ombi lake la kwanza ili adai tarehe hiyohiyo nje ya nchi. Alama za biashara zina miezi 6. Ikishapita, mara nyingi imepita. Na mteja aliyeonyesha uvumbuzi wake kwenye maonyesho kabla ya kuwasilisha ombi, katika nchi nyingi ameshauua mwenyewe upya wa uvumbuzi huo, na bila upya hapati hataza, na ni wewe utakayemwambia.

Nataka pia uisome tena aya yako kuhusu mahakimu wanaokutambua kwa sauti. Ndiyo aya iliyochangamka kuliko zote. Katika ofisi unayoitiwa, utasimama mahakamani mara ngapi kwa mwaka? Waulize hilo kabla hujauliza mshahara. Inawezekana jibu likawa "hakuna", na inawezekana ukashusha pumzi kwa faraja. Vyote viwili vitakuambia kitu.

Kuhusu mashine, rafiki yako amesema nusu. Upande mmoja, akili mnemba inaleta maswali yanayohitaji wanasheria. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Desemba 2023 kwamba mashine haiwezi kutajwa kuwa mvumbuzi kwenye ombi la hataza, na Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria yake ya akili mnemba mwaka 2024. Upande wa pili, kazi ambayo mashine inaigusa kwanza ni rasimu ya mwanzo, upekuzi wa mikataba na majina yanayofanana, yaani kazi anayopewa wakili wa ngazi ya kuanza. Ngazi unayoitiwa wewe. Kwa hiyo mimi ningewauliza wale watatu: wakili anayeanza hapa anafanya nini leo, na mnadhani atafanya nini baada ya miaka miwili? Wakikujibu kwa kucheka, hilo nalo ni jibu. Na usidhani mafaili ya viwanja yamekingwa na mvua hiyo.

Ukienda kwao, hatari unayoiona ni theluthi ya mshahara. Mimi naona nyingine pia. Ofisi ya watu watatu inamtegemea nani kwa wateja? Akiondoka mmoja, kuna kazi? Je, miaka yako 11 haihesabiki hata kwa nusu, kwa mfano kesi za ukiukaji wa haki ambazo wao hawapendi kuzisimamia? Hujaniambia kama uliwauliza, au kama ulikubali ngazi ya chini kwa sababu bado una aibu ya ule mkataba wa kurasa 2. Na bosi wa miaka 29: siku atakapoisahihisha rasimu yako kwa wino mwekundu mbele ya mteja, utafanyaje? Usinijibu mimi.

Ukibaki kwa Mzee na kumwomba akuruhusu kufungua dawati la kazi hizi ndani ya ofisi, kuna faida ya kutokata mshahara, lakini kuna mitego. Mzee anaweza kukubali kwa mdomo, mafaili ya mirathi yakaendelea kujaa mezani, na dawati likabaki neno. Kingine ni kwamba hutakuwa na mtu wa kukusahihisha. Uliwahi kusema "uko salama" kwa mtu asiye salama, ukashtuka usiku. Bila mwenye uzoefu wa kukusomea nyuma yako, kuna usiku hutashtuka.

Lipo la kwenda kuwa mwanasheria wa ndani wa kampuni ya teknolojia. Mshahara unaweza kuwa mzuri, ila jiandae: nusu ya siku utashughulika na likizo za wafanyakazi na pango la ofisi.

Na lipo la kuonja kwanza. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, kupitia chuo chake, lina kozi ya msingi ya mtandaoni isiyo na malipo. Ungeweza kuimaliza bila kumwambia mtu. Ungeweza pia kuomba kukaa na wale watatu wiki moja ya likizo yako, usome mafaili waliyokwisha kuyafunga, majina yakiwa yamefichwa. Hatari ya njia hii ni tamu, ndiyo maana ni hatari: mtu anaonja, anaonja, vyeti vinajaa ukutani, na mwaka wa tano bado anasema "najiandaa".

Mume wako nisimwachie hewani. "Bibi wa darasa" ni maneno ya kuchoma, lakini nasikia nyuma yake mtu anayepiga hesabu ya mkopo usiku. Mmekaa na karatasi? Theluthi ikiondoka, kinachokatwa ni nini hasa, na kwa miezi mingapi? Mkishaandika tarakimu huenda mkagundua hamwezi, au mkagundua mnaweza na mlikuwa mnagombania neno tu.

Halafu Januari. Wewe ni mwanasheria, basi nikuulize kama mwanasheria: mkataba wa ubia umeuona? Mchango wa mtaji ni kiasi gani, madeni ya ofisi unayabeba kuanzia lini, na anayetaka kutoka anatokaje? Kumwambia Mzee sasa kwamba moyo unayumba kutamuuma. Kumwambia Juni, jina likiwa limeshapanda kwenye kibao, kutamuuma namna nyingine. Nakiri siwezi kukupimia ni lipi zito zaidi kwake. Ila kunyamaza mpaka wale watatu wafunge dirisha nako ni kuamua, ingawa hutasikia ukiamua.

Nimeacha korido mwishoni kwa sababu nawe uliiacha mwishoni, ukaandika "hayahusiani sana". Mwanangu, huyo kijana alikupa mkono. Hakukutukana. Nadhani angekutukana ungelala. Niruhusu niulize taratibu: unaikimbilia programu, au unakimbia watoto wa marehemu? Mtu anaweza kufanya vyote viwili kwa safari moja, si dhambi. Nauliza kwa sababu huko uendako korido zipo. Utakutana na marafiki wawili walioanzisha kampuni chumbani, sasa mmoja anamfukuza mwenzake na wote wanadai msimbo. Utakutana na mwanamuziki aliyesaini karatasi akiwa na miaka 19. Ugomvi wa waanzilishi unafanana mno na mirathi, tofauti ni kwamba marehemu wote wako hai na wana mawakili. Ikiwa kilichokuchosha ni kuona watu waliopendana wakigawana, kubadili fani kutakupumzisha kwa muda gani? Na ikiwa umechoka tu, kwa maana ya kuchoka, umewahi kumwambia Mzee akupunguzie kesi za ndugu kwa ndugu, hata kwa miezi michache, kabla hujaamua lolote kubwa?

Hayo yazungumze kwanza na mtu unayemwamini, ana kwa ana, si kwa barua kama hii yangu. Na ukiandika tena, nieleze jambo moja ulilolikatiza katikati. Yule dada wa zahanati alimpata kijana wake? Alisaini?